Mwongozo wa Kutaniwa kwa Mwenye Mabawa Mafupi

Ukiingia kwenye uwanja wa mashindano ya glaida na trela fupi nyuma ya gari, utani utakupokea kabla hujazima injini. Atajitokeza mzee mmoja mwenye heshima zake, kofia ya jua kichwani, ataizunguka trela yako taratibu, atainama achungulie chini yake, kisha atakuuliza kwa sauti ya huruma: "Na ile nyingine inakuja lini?" Waliokuwa wakifuta mabawa yao watainua vichwa. Hapo umeshatambulika, na mpaka mashindano yaishe utaitwa yule wa ndege ndogo.

Usinune. Mpe mkono, mtajie jina lako, mwombe akuonyeshe pa kuegesha. Mtu asiyekutaka hakutanii. Hukupita kama hajakuona. Aliyeizunguka trela yako mzunguko mzima ndiye huyo huyo atakayekuja kuivuta kutoka kwenye tope siku utakapotua kwenye shamba la watu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona glaida: ni ndege inayoruka bila kutegemea injini. Huvutwa juu kwa kamba na ndege nyingine, au kwa winchi iliyo chini, kisha huachiliwa. Baada ya hapo rubani anaishi kwa hewa inayopanda. Jua hupasha ardhi moto, ardhi hupasha hewa, hewa hupaa, naye huzunguka humo ndani apande nayo, halafu huteleza kuitafuta nyingine mbele. Mashindano ni kuimaliza njia iliyopangwa asubuhi, mara nyingi kilomita mia kadhaa, na kurudi nyumbani kwa kasi kubwa kuliko wenzako. Washindani hugawanywa kwa madaraja, na kinachogawa zaidi ni urefu wa mabawa kutoka ncha hadi ncha. Juu kabisa liko daraja la Open, lisilo na kikomo. Huko ndiko ilikotokea glaida ya Kijerumani iitwayo eta, yenye mita 30.9. Chini yake kuna mita 20 za viti viwili, mita 18, mita 15, Standard na Club, na chini ya wote daraja la mita 13.5. Hawa wa mwisho ndio wanaotaniwa, na mwongozo huu ni wao. Niko upande wao tangu mstari wa kwanza, na sababu zangu nitazitaja.

Somo la kwanza ni kutobishana na fizikia. Utashindwa, na utashindwa mbele ya watu. Kwa uzito uleule na mwendo uleule, ukirefusha mabawa mara mbili, ule ukinzani unaozaliwa na kazi ya kuinyanyua ndege hupungua hadi robo. Hakuna ujanja wa rubani unaoifuta hesabu hiyo. PW-5 ya Poland, yenye mabawa ya mita 13.44, katika hewa tulivu huteleza takribani mita 33 kwa kila mita moja inayoshuka. Eta hufika karibu 70. Wote wawili wakiwa kilomita moja juu ya ardhi, mmoja anaona mbele yake kilomita 33 za matumaini, mwenzake 70. Wajerumani wana msemo wao viwanjani, kwamba urefu wa mabawa hauna mbadala, ila urefu zaidi. Ukiambiwa hivyo, itikia. Sema ni kweli. Mtani hujiandaa kwa ubishi, na akikosa ubishi hubaki na maneno mengi mdomoni yasiyo na pa kwenda.

Ukishaitikia, nenda ukamsaidie kufunga ndege yake.

Nalisema hili kwa moyo wote, maana hapo ndipo haki ya kurudisha utani inapopatikana. Asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, wewe na msaidizi mmoja mmeshamaliza. Bawa la kushoto limeingia, la kulia limeingia, pini imekaa, mkia umefungwa, umekagua usukani kwa mtu kushikilia kila kipande huku wewe ukisukuma. Unafuta wadudu waliokauka kwenye ukingo wa mbele wa bawa na chai yako bado ina moto. Upande wa pili wa uwanja, mwenye mita 28 amekusanya watu wanne na bado hawatoshi. Kipande cha ndani cha bawa kimebebwa na wawili wanaohema, wa tatu ameshika ncha, wa nne amepiga magoti kwenye tumbo la ndege akichungulia tundu la pini kwa tochi ndogo. "Juu kidogo. Kidogo nimesema. Shusha. Sasa mbele. Nani ameachia?" Pini inaingia nusu, inakwama. Wanashusha pumzi wanaanza upya, na bado kuna kipande cha nje, na baada yake ncha, kisha upande wa pili wote.

Nenda ukashike hiyo ncha. Usiseme neno. Pini ikiingia na mkapumzika, uliza kwa adabu: "Zimebaki ngapi?" Watacheka wote, na mwenye ndege atacheka kuliko wote, kwa sababu mgongo wake ndio unaouma. Utani uliotanguliwa na mkono wa msaada hauvunji urafiki. Mashabiki wa Simba na Yanga wanalijua hili: wanaokejeliana vikali kuliko wote ndio wanaokaa meza moja.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, kwa kuwa mgeni hupata tabu kujua lipi la kucheka na lipi la kujibu. Yapo yanayohusu ukubwa tu: kama umesahau vipande kwenye trela, kama hiyo ni ya kuonyeshea na ya kurukia iko wapi, kama ikikua itakuwa ndege gani. Hayo cheka nayo. Yana umri mkubwa kuliko wewe na hayamdhuru mtu. Yapo yanayohusu mwendo: kwamba watakuwekea chakula cha jioni kwenye sahani iliyofunikwa, kwamba wapima muda wamepewa kalenda badala ya saa. Hayo yanahitaji jibu, na jibu zuri ni la pointi. Kila daraja huhesabiwa peke yake. Siku ikienda vizuri na kuthaminiwa kikamilifu, mshindi wa mita 13.5 hupata pointi 1,000, na mshindi wa Open hupata pointi 1,000. Sema hilo mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha omba chumvi.

Majibu ya historia yaweke akiba kwa jioni, watu wakiwa wameshiba. La kwanza ni la mwaka 1922. Tarehe 18 Agosti mwaka huo, juu ya mlima wa Wasserkuppe nchini Ujerumani, Arthur Martens alikaa angani zaidi ya saa moja kwa glaida iliyoitwa Vampyr, iliyotengenezwa Hannover. Ulimwengu wa kuruka bila injini ulibadilika siku ile. Mabawa ya Vampyr yalikuwa mita 12.6. Yaani mama wa glaida zote za kisasa angeingia kwenye daraja la mita 13.5 na nafasi ingebaki.

La pili ni la Robert Kronfeld, mmoja wa marubani mahiri wa zama zake, aliyejengewa glaida ya mita 30 ikaitwa Austria. Mwaka 1932 aliingia nayo kwenye wingu, ikamvunjikia humo humo, akaokoka kwa parachuti. Lisimulie hili kwa heshima, maana Kronfeld aliwafungulia wengi njia, na usilisimulie kabisa mbele ya mtu aliyewahi kupoteza mwenzake angani. Utani wa glaida una mpaka huo mmoja ambao hauvukwi, na wakongwe wote wanaujua bila kuambiwa.

La tatu nalipenda zaidi kwa kuwa linawagusa watani wenyewe. Mwaka 1958 huko Leszno, Poland, mashindano ya dunia yalikuwa na daraja jipya la Standard, lenye kikomo cha mita 15. Wazo lilikuwa kuipata glaida nyepesi na ya bei nafuu, isiyo na makuu, ambayo klabu ya kawaida ingeweza kuimiliki. Mita 15 ndizo zilizokuwa ndogo! Na bingwa wa Open mwaka huo, Ernst-Günter Haase, aliruka kwa HKS-3 yenye mita 17.2 tu, ambazo leo hii zisingefika kwenye kikomo cha daraja la mita 18. Kwa hiyo akija mwenye mita 15 kukucheka, mkumbushe kwa upole kwamba kiti anachokikalia kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mabawa mafupi.

Na kwa wasomaji wa Afrika Mashariki lipo jibu la nne, lililo la kwetu kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi Mwingereza Colin Pennycuick aliruka juu ya Serengeti kwa glaida yenye injini ndogo, aina ya ASK 14, akiwafuata tumbusi, korongo na ndege wengine wanaoelea, akizunguka nao kwenye hewa ileile ili aone wanavyoitumia. Tumbusi mgongo-mweupe ana mabawa ya takribani mita mbili na robo, na vipimo vya Pennycuick vilionyesha kwamba huteleza kama mita 15 kwa kila moja anayoshuka. Hata glaida ya mbao ya miaka ya 1930 ingemwacha nyuma kwenye mtelezo ulionyooka. Lakini tumbusi huondoka mtini asubuhi bila kuvutwa na mtu, huipata hewa inayopanda kwa kumtazama mwenzake aliyeanza kuzunguka, huvuka tambarare nzima kutafuta mzoga, na jioni yuko nyumbani. Rubani mwenye mita 30 akimwona tumbusi anazunguka, hukunja kona kumfuata. Sijawahi kusikia tumbusi akimfuata rubani kwa sababu ya urefu wa mabawa yake.

Kitu tumbusi anachokifanya ndicho utakachokifanya wewe, na hapa utani unageuka elimu. Mduara wa ndege hutegemea mwendo wake na jinsi inavyolala. Ukizunguka kwa kilomita 75 kwa saa, umelaza ndege nyuzi 40, nusu kipenyo cha mduara wako ni kama mita 53. Mwenye mabawa marefu aliyejaza maji kwenye matangi ya mabawa ili awe mzito na wa kasi, akizunguka kwa kilomita 110 kwa saa na mlalo uleule, anahitaji mita 113 au zaidi. Mchana wa jua kali, hewa ikipanda kwa upana mkubwa, tofauti hiyo haimsumbui. Lakini saa za mwanzo, na zile za mwisho jua likishuka, hewa inayopanda huwa nyembamba na dhaifu. Wewe unaingia katikati yake na kubaki humo. Yeye anakata ukingoni, nusu ya mduara anapanda, nusu anashuka, na kifaa chake cha kupima kupanda kinalia kwa furaha na kununa kwa zamu. Basi panga siku yako kwa kujua hivyo. Usikubali kukimbia naye mchana; utachoka na atakuacha. Kaa juu, ruka kwa hatua fupi kutoka hewa hadi hewa, usidharau hewa dhaifu ukiwa chini, na usiondoke kwenye nzuri kabla hujajua ya mbele iko wapi.

Wamarekani wana watu waliozeeka katika elimu hiyo. Kati ya mwaka 1954 na 1979 kampuni ya Schweizer ilitengeneza karibu glaida 700 za aina ya 1-26, zenye mabawa ya futi 40, yaani mita 12.19, na mtelezo wa 23 kwa moja. Kwa vipimo vya leo ni kidogo mno. Hata hivyo wenye 1-26 wana mashindano yao, kila mmoja kwa ndege ya aina ileile, na wapo waliovuka nayo kilomita 500, umbali unaodaiwa na beji ya almasi. Mkiwa wote kwenye 1-26 hakuna wa kuilaumu ndege. Aliyeshinda ameshinda kwa kichwa chake, na aliyetua shambani anajua ni wapi alipokosea. Huo ni usafi wa ushindani ambao fedha haiwezi kuununua, na ndio unaonifanya niyapende madaraja madogo kuliko yote.

Hapo niache utani kidogo, nieleze habari ya PW-5, maana ndiyo glaida iliyochekwa kuliko zote na kicheko kile kina deni.

Ndoto ilianza zamani. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1940 ilikusudiwa kuwa na glaida, na mwaka 1939 huko Sezze, Italia, ilichaguliwa ndege moja ya mita 15, Meise iliyobuniwa na Hans Jacobs, ili marubani wa mataifa yote waruke kwa chombo kimoja. Vita vikaizima Olimpiki ile. Nusu karne baadaye, mwaka 1989, tume ya glaida ya shirikisho la michezo ya anga, FAI, ikalirudia wazo: itafutwe glaida moja rahisi, salama, ya bei ndogo, inayoweza kutengenezwa popote, na daraja lake liitwe World Class. Walioshinda shindano la kuibuni walitoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Warsaw. Ndege yao, PW-5, ilikuwa fupi, pua nene, tairi dogo mbele, uzito mtupu kama kilo 190. Mashindano ya kwanza ya dunia ya daraja hilo yalifanyika Uturuki mwaka 1997.

Ilipoonekana tu, ikachekwa. Ikachekwa pua, ikachekwa tairi la mbele, ikachekwa jinsi inavyosimama nyasini. Sikatai kwamba ilikuwa na kasoro nzito zaidi ya sura. Mwenye fedha za kununua PW-5 mpya aliweza kuzichukua hizohizo akanunua Standard Cirrus au Libelle iliyotumika, za mita 15, zilizotengenezwa miaka ya 1960 na 1970, akapata mtelezo wa 36 hadi 38. Hesabu hiyo ilimshinda nguvu kila mtetezi, na simlaumu aliyeifuata. Lakini naamini kicheko nacho kilifanya kazi yake. Kijana anayetaka kuanza mashindano hasomi majedwali tu. Husikiliza pia wazee wanasema nini kwenye meza ya chai. Akisikia kwamba ndege fulani ni ya kuchekwa, haiombi. Mashindano ya mwisho ya dunia ya World Class yalifanyika Argentina, na ndoto ya chombo kimoja kwa wote ikafungwa kabatini mara ya pili.

Daraja la mita 13.5 ndilo lililorithi nafasi hiyo. Mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Pociūnai, Lithuania, mwaka 2015. Hapa hakuna tena ndege moja kwa wote. Watengenezaji wako huru ilimradi wasivuke kikomo. Zimeingia ndege maridadi: Silent 2 kutoka Italia, miniLAK kutoka Lithuania, baadhi zikiwa na mota ya umeme puani yenye mapangaboi yanayojikunja na kulala ubavuni mwa ndege yasipotumika. Hewa ikikuishia, unayakunjua mapangaboi, unarudi nyumbani. Kwa hiyo utani mpya umezaliwa: utaulizwa kama feni hiyo ni ya kupozea rubani. Mjibu kwamba mota za aina hiyo sasa zinafungwa hata kwenye glaida za mita 18, na aliyezizoea hataki tena kulala shambani.

Kutokana na habari ya PW-5 natoa kanuni ninayoisimamia: utani wa mabawa upokee, utani wa mfuko ukatae. Mtu akikucheka kwa sababu ndege yako ni fupi, anacheza. Akianza kukucheka kwa sababu hukuweza kununua refu, ameacha mchezo. Mwambie papo hapo, bila hasira, kwamba hilo hapana. Ukimwona anamfanyia hivyo kijana mgeni, usingoje kijana ajitetee. Glaida mpya ya Open ni kitu cha watu wachache sana duniani, na mchezo huu ukibaki mikononi mwao peke yao hautakuwa na wa kushika ncha ya bawa asubuhi. Viwanja vingi vya Ulaya vinaishi kwa watu wa kipato cha kawaida: mafundi, walimu, wanafunzi wanaolipia masaa yao kwa kukata nyasi za uwanja na kuendesha winchi. Hao ndio wanaohitaji daraja wanamoweza kushindana bila kuuza nyumba.

Kuna utani mwingine wa kukataa, nao ni wa kwenye redio.

Ni saa kumi na moja jioni. Umebakisha kilomita 14 kufika uwanjani, uko mita 400 juu ya ardhi, na hewa imelala. Wakubwa wameshatua, wamekaa kwenye viti vya kukunja mbele ya mahema. Mmoja anabonyeza redio: "Tukuwekee taa?" Kicheko kinasikika nyuma yake. Hapo fanya hesabu, usifanye majivuno. Kwa 33 kwa moja, mita 400 ni kilomita 13.2 katika hewa tulivu, bila akiba yoyote ya kuzunguka na kutua. Na hewa si tulivu. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukikupiga usoni huku ukiruka kwa 90, ardhi inapita chini yako kwa 70 tu, na mtelezo wako umeshuka hadi karibu 26. Mita zako 400 zimekuwa kilomita 10 na kidogo. Hufiki. Kompyuta imeshakwambia, upepo umekwambia, na sauti moja tu ndiyo inayokuambia jaribu: ile ya redioni.

Izime. Ukifika mita 300 uwe umeshachagua shamba: ngano iliyovunwa, ardhi isiyo na mteremko, nguzo za umeme zimetazamwa mara mbili kwa sababu waya wenyewe hauonekani, upepo umejulikana kwa moshi au kwa nyasi zinavyolala. Mzunguko wako uwe wa kawaida kama wa uwanjani. Na hapa ufupi ni baraka: unaingia polepole, mabawa yako yanapita kati ya miti ambayo mwenye mita 28 asingethubutu kuisogelea, na shamba linalomtisha yeye linakutosha na kubaki. Ukishasimama, toka, tembea mbali na mazao, mtafute mwenye shamba umsalimie kabla hajakutafuta. Kisha piga simu. Kawia ufike, walisema wazee, na kwenye glaida aliyetua salama shambani amefika.

Watakaokuja kukuchukua watakuja na utani wao, na trela. Huo upokee wote. Wamekatiza chakula, wamepotea njia za vijijini, na watakusaidia kuifungua ndege kwa taa za gari. Wewe lipia chakula. Tena utagundua kwamba anayeongoza msafara ni yule wa redioni. Mwambie ulichohisi ulipomsikia, umweleze ulikuwa mita ngapi. Rubani yeyote wa kweli atanyamaza akisikia tarakimu hiyo, na hatarudia. Mtu anayejua mita 400 na upepo wa mbele maana yake nini hahitaji hotuba.

Kisha itafika siku, mara nyingi karibu na mwisho wa mashindano, hali ya hewa ikiwa mbaya na njia ya siku imefutwa, halafu alasiri jua likajitokeza. Mzee wa kofia atakuja kusimama karibu na ndege yako. Ataipapasa ncha ya bawa. Atauliza usukani wake uko mwepesi kiasi gani, kiti kinarekebishwa vipi, inaanguka kwenye mwendo gani. Usimcheke. Hii ndiyo nafasi ambayo daraja zima linaingoja, na wengi wetu huipoteza kwa kutaka kulipiza.

Mwambie akae. Mfunge mikanda mwenyewe. Mweleze kwamba ikiachiliwa itaruka kwa wepesi asiouzoea, asiivute kwa nguvu kama anavyoivuta yake; kwamba akiingia kwenye hewa inayopanda ailaze zaidi ya anavyodhani inafaa, maana itageuka papo hapo; kwamba akitua asiihofie, itasimama mapema. Mwonyeshe breki za mabawa, mwombe azifungue na kuzifunga mbele yako, mara mbili. Mkubaliane nusu saa. Mshikie ncha ya bawa, ukimbie nayo mpaka ikutoke mkononi.

Na nusu saa ikipita, ukamwona bado yuko juu ya msitu anazunguka mduara mdogo pamoja na mwewe wawili, usimwite kwenye redio.